Maharagi ya Donatille mu tumbo ya jiwe

Benchi yangu iko na miguu tatu. Fasi ya mugu ya ine nilisukumia jiwe ya mulima, ile nyeusi yenye ilitufikia mpaka kwenye mulango mu janvier 2002 bila kubisha hodi. Juma tatu zilikuwa zimepita tangu Nyiragongo ipasuke, na ule muto ya moto ulikuwa umelala katikati ya kartye, mutaa yetu, kama ngombe yenye imeshiba: juu unatembea na viatu, ndani ungali moto. Na baridi, baba yangu! Mvua asubui, mvua mangaribi, upepo ya ziwa inaingia chini ya mabashi yenye tulipewa fasi ya nyumba, bantu wazima banatetemeka meno. Njo maana kahawa yangu ilikuwa inakwenda mbio. Mi baniitaka Shangazi, hata benye kunipita miaka. Wa kwanza kufika kila siku ni Valentin, tunamuitaka Ingénieur, mutu ya kutengeneza baradio kule Ndosho. Kila radio yenye anafungua, akiifunga anabakia na visi tatu za kukazia mu mukono, na radio inaimba tu. Kisha anakuja Cyprien, ye ni Monseigneur. Alifanya juma mbili mu seminari, bakamurudisha kwao juu ya kulala mu misa. Toka ile siku, kesi zote za Mungu anazikataka yeye.

Ile siku ilikuwa posho, siku ya Sabato ya ba Adventiste, na Donatille alikuwa nasi. Alikaa kwenye benchi lakini hakukaa, unaelewa? Kiuno kwa mbao, macho kule mbele, hatua kumi, fasi jiwe ya mulima imepasuka kidogo. Mu ule ufa kulikuwa majani ya migomba, juu ya majani blanketi ya kijivu, juu ya blanketi jiwe ya bapa.

— Donatille, kunywa kahawa, nikamwambia. Ile blanketi haina miguu.

— Shangazi, niache. Nikifumba macho, mbuzi itakuja.

Ngoja nibaambie mbele, juu hii habari mi naijua kuanzia kichwa mpaka kisigino. Mama mukwe ya Donatille, mama Élisabeth, alishuka toka milima ya Masisi kuangalia kama tuliungua. Ni Adventiste wa kweli kweli. Nyama hakuna, samaki hakuna, kahawa hakuna, na siku ya Sabato hakuna mutu anawasha moto. Lakini kwake kule, siku ya tano, jua ikingali juu, anazika sufuria yake mu majivu ya mafika, yale mawe tatu ya jiko. Kesho yake akitoka kanisa anakuta chakula iko moto, na zambi hakuna. Sasa chini ya bashi ya Donatille utatoa mafika wapi? Nyumba ililiwa, jiko ililiwa, kulibakia tu choo. Sabato ya kwanza batoto balikula bilayi, viazi vya jana, baridi kama chura, na mudogo alianza kukohoa. Mama Élisabeth alisema maneno moja tu: «Bajukuu bangu bakikula baridi tena posho yenye kuja, kesho yake, siku ya yenga asubui, napanda gari ya bilayi nabo, tunaenda Masisi.»

Na bwana ya Donatille, Niyigena? Ni mutu ya chukudu, ile baisikeli ya miti ya kusukuma, anabebaka mbao. Tangu mama yake afike, chukudu inaharibika kila siku, na kila siku inaharibikia mbali.

Basi Donatille alifanya akili. Maharagi aliiloweka toka siku ya ine. Siku ya tano aliichemsha kidogo juu ya makala ya moto, akaweka ndizi ya kupika, karoti, puaro, seleri, kitunguu, na mawese kidogo juu ya rangi. Akafunga kifuniko na kamba ya nguo. Kisha, jua ikingali juu, akateremusha sufuria mu tumbo ya jiwe. Hapana kufungua mpaka bantu batoke kanisa. Yeye mwenyewe alikosa kwenda kusali, alisema tumbo inamuuma.

Monseigneur njo alianza, maana hawezi kuona sufuria bila kuona zambi.

— Mi nauliza tu, Donatille. Leo ni Sabato yenu. Mutu hapashwe kupika. Lakini maharagi iko inaiva. Nani eko anapika?

— Mi nimekaa. Unaniona nimekaa.

— Nakuona. Lakini sufuria haikukaa.

— Sufuria pia imekaa, nikasema. Yenye kucheza ni maharagi.

Nilicheka mpaka mbwa ya jirani iliamka.

— Shangazi, acha makelele, hii ni kesi nguvu. Mwenye kupika ni mulima. Kwa hiyo tupashwe kujua mulima iko dini gani.

— Mulima iko na dini? Ingénieur akauliza.

— Angalia. Ilipasuka siku gani? Siku ya ine. Haikugusa Sabato yabo, haikugusa yenga yetu. Ilitumika katikati ya juma kama mutu ya ofisi. Lakini makanisa, ilikula ya kila mutu bila kuchagua. Maana yake nini? Haijabatizwa! Ni mpagani. Na mpagani akikupikia siku ya Sabato, zambi haiko yako, haiko yake.

— Asante, Monseigneur, Donatille akasema. Utamuelezea mama vile?

Monseigneur akaangalia mu kikombe yake.

— Kumuelezea, utamuelezea weye. Mi nafanyaka tu mafikiri.

Ingénieur akatoa biki yake ya kuandika kwenye sikio.

— Munapoteza wakati na mabatizo. Hii ni mambo ya tiyo, mambo ya bomba. Chini ya Goma kuko tiyo kubwa: inatoka mu mulima, inapita hapa chini ya benchi ya Shangazi, inamwangika mu ziwa kule Keshero.

— Nani aliiweka?

— Babelgiji. Balificha karatasi yake. Sasa sikiliza: ba mama ya Keshero bakianza kufula nguo, ile maji ya baridi inapanda mu tiyo mpaka chini ya sufuria ya Donatille. Na leo ni posho, banafula mpaka mabashi. Ile maharagi iko mu hatari.

Donatille akashika kichwa.

— Ya kweli?

— Ya kweli kabisa. Mutu angekwenda kubaambia bangojee mpaka saa nane.

— Kwenda weye! nikamwambia. Ufike kwa ba mama mia moja benye sabuni mu mikono, ubaambie baache kufula juu ya maharagi ya Donatille. Mangaribi tutakuja kukuvua na nyavu.

— Muko munacheka. Ile sufuria ikitoboka, maharagi itateremuka mu tiyo, na kesho bavuvi bataitoa mu ziwa pamoja na sambaza, imekwisha kuiva.

— Usitaje sambaza! Donatille akapiga kelele. Mama akisikia hata harufu ya samaki, haonje. Asipoonja, batoto banaenda.

Pale Ingénieur akarudisha biki kwenye sikio.

— Mama anasema kule Masisi kuko hewa muzuri, Donatille akaendelea, polepole. Hewa! Mbele ashuke huku, ye na majirani balilala mu pori siku tatu juu ya masasi. Kila mwezi kuko kikundi ingine ya bunduki, na baryeri ingine njiani. Nikimwambia vile, ananijibu nini? Ati hata mu pori alikula maharagi ya moto.

— Bibi ya nguvu, Ingénieur akasema.

— Ya nguvu sana. Lakini Bénita eko na miaka saba, na Émile ine. Bao habana nguvu ya pori.

Nilitaka kumujibu neno muzuri, lakini pale pale soda moja, askari, akatokea kwa njia ya kambi ya Katindo, bunduki kwa bega, koti refu ya mvua mpaka kwenye magoti. Alipita benchi, akasimama. Akaangalia blanketi. Akaangalia siye. Akaangalia blanketi tena.

— Kuko nini pale chini?

— Maharagi, chef, nikamujibu.

— Maharagi haivaake blanketi.

— Ni baridi, chef. We pia umevaa koti.

Hakucheka. Na mi nilijua juu ya nini. Ile wakati ya rébellion, kitu yenye kuzikwa chini ya mawe haikukuwa ya muchezo.

— Kule Rutshuru tulifunua kitu kama hii, akasema. Haikukuwa maharagi. Fungueni.

Donatille alikuwa amekwisha fika. Sikumuona akisimama. Nilimuona tu mbele ya ufa, mikono wazi, kama anazuia ngombe.

— Chef, nakuomba. Ukifungua, moto inatoka. Ikitoka, maharagi haiive tena, na mi leo siwezi kuwasha moto ingine. Kesho batoto bangu banaenda.

— Banaenda wapi?

— Masisi.

Soda akamuangalia vizuri.

— Nani anapelekaka mutoto Masisi saa hii?

— Mama mukwe.

— Aaa.

Akatoa mukono kwenye bunduki. Mi naona ye pia eko na mama mukwe mahali. Lakini kazi ni kazi, akakaza uso tena.

— Sasa ntajua namna gani ni maharagi?

— Weka sikio, chef, Ingénieur akasema. Hapana blanketi, hapa kwa jiwe, pembeni. Mi nasikilizaka baradio vile.

Yule mutu akapiga magoti na koti yake yote. Akatoa kofia. Akaweka sikio kwa jiwe, polepole, maana ilikuwa moto. Tulishika pumuzi. Mara akaruka nyuma.

— Inasema!

— Inasema nini?

— Inasema bwu, bwu, bwu.

— Basi ni maharagi, Monseigneur akasema. Bombe haina maneno mingi vile.

Niliangukia Ingénieur kwenye bega juu ya kucheka, kahawa yake ikamwangika kwa suruali. Na yule soda, angali kwa magoti, pua yake ikaanza kucheza. Muvuke kidogo ilikuwa inapita kati ya majani.

— Muliweka seleri, akasema.

— Na puaro, Donatille akamujibu.

— Mama yangu anawekaka puaro.

Akakuja kukaa mwisho ya benchi bila kuitwa. Nikamumwangia kahawa. Alishika kikombe na mikono mbili juu ya kupata moto, na kumbe alikuwa kijana tu, zile ndevu zilikuwa zinamuzeesha. Kisha kahawa ikamufikia mu kichwa, naye akapata mafikiri.

— Mi nawaambia kitu. Vita hii, mwenye kuishinda ni mwenye kushika jiwe. Kwa sababu gani? Soda anarudi nyuma juu ya njaa, si juu ya masasi. Sasa unapanga masufuria kutoka hapa mpaka uwanja ya ndege, elfu moja, chini ya blanketi. Hakuna moshi, adui haone kitu. Asubui kila soda anakula maharagi ya moto.

— Na adui? Ingénieur akauliza.

— Adui anasikia harufu tu. Harufu inapanda mpaka milima yote. Siku ya tatu banateremuka benyewe, na masahani mu mukono.

— Vita imeisha, Monseigneur akasema.

— Imeisha. Kunabakia tu kuosha masufuria.

— Na nani ataosha? nikauliza. Maana ile kazi banaume banaisahauka kwa mpango yabo yote!

Tulikuwa tungali tunacheka, na Donatille akasema kwa sauti ndogo:

— Eko anakuja.

Mama Élisabeth alikuwa anapanda njia, murefu, kitambaa nyeupe kwa kichwa, Biblia mu sachet juu ya mvua, Bénita kwa mukono ya kuume, Émile kwa mukono ya kushoto. Ungaliona benchi yangu! Ingénieur akaficha kikombe nyuma. Monseigneur akafunga bouton ya shingo. Soda akasimama mwima, tak, kama mbele ya koloneli.

— Muko salama?

— Salama, mama.

Na mi, kinywa yangu ikakimbia mbele ya akili:

— Kahawa kidogo, mama?

— Kahawa ni ya benye usingizi, Shangazi. Mi niko macho.

Akageukia mukamwana wake.

— Donatille, batoto bana njaa. Chakula iko wapi?

Donatille alinyoosha tu kidole. Basi siye njo tulianza kumusaidia, sote kwa mara moja. Monseigneur anamuelezea mpagani mwenye hajabatizwa, Ingénieur anachora tiyo ya Babelgiji mu matope na mugu, soda anaitikia na kichwa, anasema mama, ni silaha hii, mi nasema mama, hata mbuzi haikukaribia. Mama Élisabeth alituachia tumalize. Alitusikiliza vile mutu anasikilizaka mvua, anangojea ikatike. Kisha akauliza Donatille:

— Uliingiza saa ngapi?

— Jana, mama. Jua ilikuwa ingali juu ya ziwa.

— Tangu jana uliigusa?

— Hapana, mama.

— Mutu mwingine aliigusa?

Sote tukaangalia soda.

— Ni sikio tu, mama, akasema, kama mutoto mbele ya mwalimu.

— Basi. Majivu ni majivu. Toa, tukule.

Ni vile tu!

Donatille alitoa jiwe, akatoa blanketi, majani ilikuwa imegeuka nyeusi kama ngozi ya kiatu. Ingénieur akamusaidia kuinua sufuria na matambara ya maji. Alipokata kamba, muvuke ilipanda mpaka tukakosa kuonana, na Émile akaweka mikono yake mbili ndani ya ule muvuke, akaifunga, kama anataka kuibeba. Maharagi ilikuwa imeiva, imevimba, ndizi imelainika ndani yake, karoti ingali inasimama, mawese inangaa juu. Harufu ya seleri, na nyuma yake kidogo sana, kibiriti ya mulima.

Mama Élisabeth aliomba. Aliomba murefu. Nilifungua jicho moja, nikaona soda naye amefungua moja. Jicho yake iko mu sufuria. Amina. Akachukua kijiko, akapuliza, akaweka mu kinywa.

Alitafuna. Donatille hakupumua, nabaapia. Nilimuona rangi inatoka mu uso polepole. Mutu gani anatafunaka maharagi yenye kuiva murefu vile!

— Chumvi haikutosha, mama Élisabeth akasema.

Akajaza sahani ya Bénita. Akajaza ya Émile. Akajaza yake mpaka kwenye mudomo. Kisha akajaza ingine, akainyoosha kwa soda bila kumuangalia, na ingine kwa banaume ya benchi, na mi nikapewa mu kifuniko. Tulikula tumesimama, mvua imeanza tena, hakuna mutu alitafuta fasi ya kujificha. Kwa sahani ya pili Émile alitoa triko yake ya baridi. Tangu mulima ipasuke, ule mutoto hakutoa triko, hata kulala alikuwa analala nayo.

Donatille akangojea mama mukwe apangushe kijiko.

— Mama. Na gari ya kesho?

— Gari iende.

— Na batoto?

— Batoto banakula. Hauone?

— Na mama?

Mama Élisabeth alikuwa anakwangua chini ya sufuria, fasi maharagi ilishika. Hakuacha kukwangua.

— Kule kwangu niko na sufuria kubwa, ya bantu kumi na babili. Bengine balikufa, bengine balikimbia, sijui kama banaishi. Kila siku ya tano naijaza, naiweka mu majivu. Kupika kidogo, sijui. Sasa nabauliza ninyi benye kukaa hapa, benye kujua tiyo na mulima na vita: mutu akipika sufuria ya bantu kumi na babili, na eko peke yake, anakula na nani?

Ingénieur akaangalia matope fasi alichora. Monseigneur, mwenye anajuaka hata zambi ya mawe, akafungua tena bouton ya shingo. Mi mwenyewe, na hii kinywa yangu yenye haijafungwa tangu nizaliwe, nilichukua birika nibamwangie, basi tufanye kazi na mikono. Nikainamisha. Ikatoa tone moja. Kahawa ilikuwa imeisha.

Donatille njo alisogea. Alisogea tu kwenye benchi, akafanya fasi, akavuta mama mukwe kwa kitenge akae.

— Gari ipande kesho bila mutu, mama. Ikirudi na bilayi, ilete ile sufuria.

— Ni kubwa, Donatille.

— Jiwe pia ni kubwa.

Mama Élisabeth akakaa. Akaanza kuhesabu na kidole, mutu kwa mutu: yeye, Donatille, Niyigena siku chukudu yake itapona, Bénita, Émile. Akanionyesha mi. Akaonyesha Ingénieur, akafikiri, akaonyesha Monseigneur pia. Akafika kwa soda, mwenye alikuwa analamba sahani.

— Bantu kenda, akasema. Kunabakia batatu.

— Mama, soda akasema, mi niko na ndugu batatu kule Katindo.

— Bakuje. Bila bunduki.